Tupeane uzoefu: mkaa wa kuchomea samaki na nyama hapa Mwanza, na vitu tunavyovikuta ndani ya gunia

Jiko la Mwaloni (Kirumba):
Habari zenu wakuu. Ninachoma sato na kuku jirani na Mwaloni, na mkaa ndio unaonisumbua kuliko gharama nyingine zote, si kwa bei yake tu, bali kwa sababu magunia mawili yaliyonunuliwa siku moja kwa muuzaji mmoja yanaweza kufanya kazi tofauti kabisa. Moja linashika moto taratibu na kutulia, samaki anaiva ngozi ikiwa kavu na nyama ikiwa laini. La pili linatoa moshi wa kuwasha macho, linarusha cheche hadi kwenye meza za wateja, kisha linageuka majivu kabla sahani ya pili haijatoka.

Wiki iliyopita niliamua kulimwaga gunia zima juu ya turubai kabla ya kulitumia. Juu palikuwa na vipande vikubwa vilivyopangwa kwa mkono. Katikati vikaanza kupungua. Chini kabisa nilikuta chenga, mabonge ya udongo mwekundu uliochomeka, mawe ya ukubwa wa yai, kipande cha kamba ya manila, na kijinga ambacho nusu yake bado ilikuwa kuni. Ninaomba tupeane uzoefu: mmekuta nini kwenye mkaa wenu, mnautambuaje ulio mzuri kabla ya kutoa fedha, na tofauti hizi zinatoka wapi? Naomba pia tubaki kwenye mkaa; kwamba gesi ipo ninajua.

Tanuri la Zamani (Sengerema):
Wengi hulaumu mti pale ambapo kosa ni la tanuri. Nilichoma mkaa kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye kilimo, na karibu kila ulichokikuta chini ya gunia ninajua kilivyofika hapo. Tanuri letu ni la udongo: magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani, kisha udongo hushindiliwa juu na kuachwa matundu machache ya hewa. Linapofunguliwa, ganda hilo huporomoka juu ya mkaa likiwa limeungua hadi kuwa gumu, na anayevuta kwa reki huku gari likimsubiri huvuta mkaa, udongo na mawe kwa pamoja. Mara nyingi huo ni uvivu na si wizi, ingawa wapo wanaotambua vizuri kwamba udongo nao hujaza gunia.

Kijinga nacho kina sababu yake. Gogo nene lililowekwa pembeni, ambako moto haufiki sawasawa, hutoka likiwa mkaa kwa nje na kuni kwa ndani. Mkaa huiva vizuri joto la tanuri linapofika kati ya nyuzi 400 na 500 za Sentigredi; ukitolewa kabla ya hapo hubaki na lami na gesi za mti ambazo zilipaswa kuishia porini, nazo huja kutokea mbele ya mteja wako. Kishawishi kipo hapa: katika kila kilo 100 za kuni, tanuri la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa, na kadiri unavyoliacha liive zaidi ndivyo uzito unavyozidi kupungua, kwa hiyo mchomaji anayelipwa kwa idadi ya magunia halipwi chochote kwa subira yake. Chukua kipande ukivunje. Kilichoiva huvunjika kwa mkato safi unaong'aa, na ukivigonganisha viwili hulia kama kigae; kilicho kibichi hutoa sauti butu, na rangi ya hudhurungi huonekana katikati yake.

Mwingine huzima tanuri kwa maji ili apakie mapema, na unyevu huo mnausafirisha hadi mjini. Afadhali huyo kuliko anayepakia mkaa uliofunguliwa siku hiyo hiyo, kwa maana mkaa mpya unaweza kujiwasha wenyewe ndani ya gari. Mwenye busara huuacha nje siku nzima, akiuangalia, kabla ya kuutia kwenye gunia.

Biashara ya Sado (Buzuruga):
Shikamoo mzee wangu wa Sengerema. Umesema kweli kuhusu tanuri, lakini umetusahau sisi tulio katikati, ambao lawama zote za jiji hutufikia sisi kwanza. Mkaa hapa hauuzwi kwa mizani. Unauzwa kwa ujazo, yaani gunia, debe, sado, au fungu la barazani. Ndiyo maana lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita ukingo wake, haiishi, na ndiyo maana vipande vikubwa hukaa juu, kwani ndivyo pekee ambavyo mnunuzi huviona katikati ya kamba. Mimi nami hununua gunia likiwa limeshonwa, na hakuna dereva atakayekubali nilifumue kando ya barabara pale Igoma. Ninapolifungua ili nipime sado, hasara ni yangu, kwa sababu mnunuzi wa sado hukagua kila kipande.

Jambo moja ninaomba wanunuzi waliache, nalo ni kunyanyua gunia na kufurahia uzito wake. Mkaa wa mti mgumu ni mzito, ni kweli, lakini mkaa ulionyeshewa ni mzito pia, udongo ni mzito, na chenga zilizojaza mianya yote huongeza uzito kuliko mkaa mkubwa unaoacha nafasi. Kipindi cha masika uzito hauwezi kukuambia lolote la maana. Zamani magari yalikuwa yakisubiri kivuko pale Busisi huku mvua ikiyanyeshea. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, angalau hilo limepungua. Mimi hulilaza gunia ubavu na kulitikisa: chenga zikiwa nyingi husikika zikiteremka, na vumbi hutoka kwenye nyuzi za gunia.

Kuku wa Nyegezi:
Mzee, mti nao una sehemu yake, tusiutoe kabisa. Mkaa wa mwembe ni mwepesi, unawaka upesi na kwisha upesi, na hata tanuri lingekuwa la namna gani haliwezi kuufanya uwe mkaa wa mgunga au wa mkwaju. Kwa kuku mzima ninahitaji ule mzito unaoshikilia joto bila kuongezewa kila mara. Hata hivyo ninaona watu huulipia mkaa mzito bila sababu. Sato aliyepasuliwa hakai sana jikoni, na mkaa mwepesi ulioiva vizuri unamtosha. Kuhusu mawe, kuna siku jiwe moja lilipasuka ndani ya jiko kwa kishindo, likamwaga majivu juu ya nyama yote. Jiwe lililonyonya maji hufanya hivyo likipata joto la ghafla.

Mvuvi Mstaafu (Nansio):
Huku Ukerewe ninayahofia zaidi yanayoingia baada ya tanuri. Magunia yanayovuka kwa mitumbwi hufungwa mdomo kwa chochote kilichopo, na kilichopo mara nyingi ni wavu mkuukuu. Gunia moja nililonunua lilisukwa kwa wavu ambao bado ulikuwa na risasi zake za kuzamishia, na baadhi zilikuwa zimedondoka ndani pamoja na vipande vya nailoni. Nilitambua nilipochokoa moto na kuona tone la rangi ya fedha likitembea chini ya makaa, likikimbia kila nilipoligusa kwa koleo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na makaa yanayowaka hupita joto hilo kwa mbali. Ni sumu, hasa kwa watoto. Niliwatupa samaki waliokuwa juu ya wavu wa jiko, moto nikauzima, na majivu nikayafukia mbali na kisima badala ya kuyatia bustanini kama ilivyo desturi yetu.

Seremala (Pasiansi):
Hilo la mvuvi linanikumbusha vipande vyenye pande bapa. Tawi au gogo likichomwa huacha umbo la mviringo, magamba na vifundo. Ukikuta kipande kilichonyooka pande zote nne, hiyo ilikuwa mbao. Nimewahi kuletewa gunia lenye vipande vya namna hiyo, kimoja kikiwa bado na msumari mrefu uliopindwa ncha, kama tunavyoipinda tunapojenga mitumbwi. Msumari wenyewe utauona na kuutoa, lakini rangi, gundi na dawa iliyokuwa kwenye mbao huwezi kuziona. Mbaya kuliko zote ni nguzo zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani, kwa kuwa aina moja iliyoenea ya dawa hizo ina shaba, kromiamu na aseniki, na ukizichoma aseniki hubaki kwenye majivu na nyingine huondoka na moshi. Vipande bapa mimi sivipikii kabisa, hata vikiwa vizuri kwa macho.

Abiria wa Musoma:
Nyongeza fupi: nuseni gunia. Mkaa una vitundu vingi sana na hunyonya harufu. Gunia lililosafiri kando ya pipa la dizeli litaipa nyama ladha ya dizeli, na hakuna limau litakaloiondoa.

Jiko la Mwaloni (Kirumba):
Nawashukuru wote. Tangu nilipomwaga lile gunia, kila linaloingia hupitia turubai kwanza. Kijana wangu hulichambua kwa mkono, kisha chenga hupita kwenye chekeche la waya. Mawe, kamba na vipande bapa huwekwa kando, na vijinga huwashiwa moto wa kuchemshia maji, mbali na samaki. Pia sipangi kitu juu ya wavu mpaka makaa yavikwe majivu meupe, kwa sababu moshi wa ule mkaa mbichi wa mzee huwa umeisha kufikia hapo. Kazi hii inakula muda, na chenga ninazobaki nazo ni nyingi kuliko nilivyodhani.

Swali langu ni kwako, mama wa Buzuruga. Je, unaweza kuniuzia mkaa uliokwisha kuchambuliwa, nami nikakulipa zaidi?

Biashara ya Sado (Buzuruga):
Inawezekana, baba. Njoo asubuhi gari linaposhusha, gunia nitalifumua mbele yako, uchague vipande unavyovitaka, na vingine vibaki kwangu. Chenga zina wateja wake, kuna kina mama wanaozikanda na udongo kidogo wakatengeneza mkaa wa tufe. Lakini gunia lako litajazwa hadi ukingoni na kuishia hapo. Usije ukaniomba lumbesa ya mkaa uliochambuliwa.