Msaada: gitaa la umeme linaunguruma hata nisipopiga, shida iko wapi?

Nyuzi6:
Wakuu habari zenu. Nina gitaa la umeme la muundo wa Stratocaster, pikapu tatu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili mojamoja, yaani kila moja ina mzunguko mmoja wa waya, linaunguruma muda wote yaani hata sijagusa kitu unasikia mmmmm na juu yake kuna kazzz kembamba kama ka nyuki. Nikishusha volyumu ya gitaa mpaka mwisho kelele inakata kabisa, nikipandisha inarudi. Kebo nimebadilisha, pedali nimetoa zote nimechomeka moja kwa moja kwenye amplifaya, bado. Nikiwasha distosheni, ile sauti ya kukwaruza, ndo usiseme. Sasa mwenzangu mmoja wa bendi ananiambia nikate ile pini ya tatu ya plagi ya amplifaya eti muungurumo utaisha, mwingine anasema nitupe pikapu zote nifunge mpya. Sijafungua kitu, nataka nielewe kwanza. Naombeni ushauri.

Besi_Nzito:
Tafuta noizi geti mkuu, kile kifaa cha kukata kelele, unaichomeka kati ya gitaa na amplifaya kazi imeisha.

FundiWaya:
Nyuzi6, kabla ya chochote HIYO PINI USIIKATE. Tena huyo mwenzako mwambie aache kushauri watu hivyo. Hiyo ndo ethi, ndani ya amplifaya kitu kikivujisha umeme kwenye bodi ya chuma ethi inaubeba na fyuzi inakatika, ukishaikata umeme unakusubiri wewe uliyeshika nyuzi za chuma. Mbaya zaidi ukisogeza mdomo kwenye maikrofoni ya mashine nyingine. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972, kashika gitaa akagusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi sawasawa. Ukisikia hata kijimchomo kidogo mdomoni au vidoleni, zima kila kitu kwanza.

Noizi geti nayo hapa siikubali, Besi samahani. Ile inafunga njia ukiwa kimya tu, ukipiga kelele iko palepale ndani ya sauti, na noti ndefu inaikata mkia.

Umesema ukishusha volyumu kelele inakata, hiyo imetusaidia sana, maana yake inaingilia kwenye gitaa na amplifaya yako haina kosa. Sasa nijibu haya: ukishika nyuzi kwa mkono kelele inapungua, inaongezeka au haibadiliki? Ukigusa chuma cha kichwa cha kebo pale kwenye jeki je? Na ukikaa ukageuka taratibu na gitaa lako kuna upande ambao muungurumo unashuka?

Nyuzi6:
Nimejaribu sasa hivi. Nyuzi nikishika hakuna kinachobadilika. Chuma cha kebo nikigusa kale kazzz kanakufa, nikiachia kanarudi. Na kweli nikigeuka ule wa chini mmmm unapanda na kushuka, kuna upande unakaribia kupotea.

FundiWaya:
Basi hapo una kelele mbili tofauti na ndo maana watu wanakuchanganya.

Kale kazzz kanatoka kwenye umeme wa nyumba, taa zenye dima (swichi ya kupunguza mwanga), chaja za laptopu na vitu kama hivyo. Mwili wako unakabeba halafu uko karibu na pikapu kwa hiyo unakarusha humo ndani. Gitaa lisilo na kasoro nyuzi zake zinakuwa zimeungwa na ethi, ukizishika na mwili wako unaungana na ethi unaacha kurusha, ndo maana kwa wengi kelele hupungua wakishika nyuzi, ni kawaida kabisa. Kwako chuma cha jeki kinafanya kazi nyuzi hazifanyi, maana yake waya wa kutoka briji (kile chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) kwenda ethi umekatika au umeachia. (Ingekuwa kelele inaongezeka ukishika nyuzi ningekwambia waya mbili za jeki zimepishana.)

Chomoa gitaa kwenye amplifaya, chukua multimita, kile kipimo cha umeme, weka kwenye omu, ncha moja kwenye uzi nyingine kwenye chuma cha nje cha jeki. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikiwa haisomi kitu, fungua kifuniko cha nyuma kwenye zile springi zinazovuta briji, kuna bamba la chuma lililozishikilia na waya mmoja umechomelewa hapo. Angalia hiyo risasi ya kuchomelea.

Koili_Mbili:
Hapo FundiWaya kamaliza, mimi niongezee ule muungurumo wa chini. Huo ni usumaku wa umeme, Hz 50 au 60 kutegemea nchi, koili moja inaunasa tu hata gitaa liwe zima kiasi gani. Ndo kilichomfanya Seth Lover, fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, mwaka 1955 atengeneze hambaka, koili mbili zenye sumaku zilizogeuzwa na waya umezungushwa kinyume, sauti ya nyuzi inajumlika ila muungurumo wa koili hii unafuta wa ile. Kwa hiyo jaribu swichi yako ya kuchagua pikapu kwenye nafasi ya 2 na ya 4, zile zinazowasha pikapu mbili pamoja. Kama pikapu ya kati waya na sumaku zake ziko kinyume na za wenzake (mengi ya siku hizi yako hivyo) hapo unakuwa kimya, na ukishajua hivyo unaweza kupanga nyimbo zenye distosheni nzito uzipigie hapo.

Nyuzi6:
Wakuu nimerudi. Multimita haikusoma kitu kati ya uzi na jeki. Nimefungua nyuma, ule waya umekaa kwenye bamba ukiuangalia unasema mzima, nimeusukuma na kijiti ukanyanyuka wote na kidonge chake cha risasi, chini yake bamba linang'aa, yaani risasi haikuwahi kushika. Nafasi ya 2 na 4 kweli muungurumo haupo. Niuchomelee tu hivihivi? Na nibandike mle ndani ile tepu ya shaba wanayosema inazuia kelele?

FundiWaya:
Hivihivi hapana, utaachia tena. Lile bamba ni nene linanyonya moto, kifaa kidogo cha kuchomelea simu kitakusumbua, tafuta cha wati 60 hivi chenye ncha pana. Kwaruza bamba kwa msasa, lipashe moto lenyewe mpaka risasi iyeyuke juu ya chuma itambae, ndo uweke waya na usiutikise mpaka ipoe. Kisha pima, ukiona chini ya omu 1 umemaliza.

Koili_Mbili:
Tepu ya shaba weka baadaye kama kazzz bado kanakukera ukiachia nyuzi. Chukua yenye gundi inayopitisha umeme, vipande vipandiane, na shaba yote lazima iungwe na ethi la sivyo haina kazi. Angalia isiguse ncha ya ndani ya jeki, ikigusa gitaa linakuwa bubu. Ila usitegemee iondoe ule mmmm wa koili moja, wengi wanafunga tepu gitaa zima halafu wanalalamika haijafanya kitu. Shaba haizuii usumaku wa Hz 50. Ukitaka na huo uondoke kwenye nafasi zote, tafuta pikapu zisizo na muungurumo zenye umbo la koili moja, lakini kwanza chomelea huo waya upige hata wiki.

Nyuzi6:
Nimechomelea, inasoma 0.3. Nikishika nyuzi kazzz kanakata palepale. Pikapu sibadilishi, na pini ya ethi nimemwambia mwenzangu aiache ilivyo hata kwenye amplifaya yake. Asanteni sana.