Memo za Killian: zilitoka ofisini kwake au zimeghushiwa?

Mpekuzi: Wakuu, Septemba 8, 2004 CBS, televisheni ya Marekani, walirusha memo zinazodaiwa kuandikwa na Luteni Kanali Jerry Killian, mkuu wa kikosi, mwaka 1972 na 1973. Zinasema Luteni George W. Bush, rubani wa kikosi hicho, kikosi cha anga cha 111 cha Texas, hakutii amri ya kupimwa afya, na kwamba wakubwa walishinikiza apendelewe. Killian alikufa 1984, hawezi kuulizwa. Mimi nasema zimeghushiwa. Herufi zina upana tofauti, i nyembamba, m pana, wakati taipu ya kawaida hutoa upana mmoja. Piga maneno yale yale kwenye Microsoft Word bila kugusa mpangilio, mistari inakatika pale pale. Aliyewahi kugusa taipu hahitaji mtaalamu.

KaraniMkongwe: Aliyewahi kugusa taipu? Hicho ni kiburi cha vijana wa kompyuta. Taipu ya IBM Executive ilitoa herufi za upana tofauti tangu miaka ya 1940!

Mpekuzi: Ilitoa, ila kwa vipimo vichache tu, kama 2 kwa i na 5 kwa m. Ukitaka kichwa cha barua kikae katikati unajumlisha vipimo vya kila herufi, unagawa kwa mbili, unarudisha gari nyuma. Chukua memo ya Mei 4 na ya Agosti 1, 1972, zipandanishe kwenye mwanga: mistari mitatu ya anwani inalaliana. Karani gani anapatia hivyo mara mbili, miezi mitatu mbali?

NyukiWaDodoma: Mnaacha kubwa. Memo ya Agosti 18, 1973 inasema Kanali Staudt, mkubwa wao, ndiye anayeshinikiza. Staudt alikuwa ameshastaafu tangu 1972. Hapo taipu ya nini tena?

KaraniMkongwe: Nimeitwa nisiyejua taipu, nitajibu la taipu. Ile th ndogo ya "111th" inayodaiwa kuwa ni ya Word, taipu ya Olympia ilikuwa na kibonye chake. Marian Carr Knox, katibu muhtasi wa ofisi ile, alikisema mwenyewe.

Mpekuzi: Kibonye kipo. Lakini th yake kichwa hakipiti kimo cha herufi kubwa. Ya kwenye memo imepanda juu ya mstari. Na huyo Knox unayemleta alisema hakuzipiga yeye, na kwamba zina maneno ya jeshi la nchi kavu, si ya jeshi la anga.

KaraniMkongwe: Malizia basi! Alisema pia yaliyoandikwa ndiyo aliyokuwa akiyasema Killian. Shahidi humchukui nusu.

Mwananzengo: Kwa hiyo hoja sasa ni kwamba karatasi bandia inaweza kubeba habari ya kweli? Hilo ni swali jingine kabisa, ndugu yangu. Jalada linapokea karatasi, halipokei tetesi.

NyukiWaDodoma: Na karatasi yenyewe hatuna. Ni fotokopi. Wino haupimiki, na alama ya nyundo ya taipu nyuma ya karatasi haipo. Kila nakala inanenepesha herufi na kuvuta vipimo kidogo. Bill Burkett, mwanajeshi mstaafu wa Texas aliyewapa CBS, alidai alizopewa alizichoma.

Mpekuzi: Fotokopi inavuta karatasi yote, haichagui vichwa vya memo mbili ikavilinganisha.

KaraniMkongwe: Nisikilizeni. Leteni ukurasa wa Olympia wenye th, tupime kwa rula kimo chake. Kabla ya hapo neno "kijana" silifuti.