Mnamuimba Ferguson, halafu mwalimu mnamtimua baada ya mechi tano

Wakuu, hili jambo lilitokea Jumapili nikasema ngoja nipoe kwanza ndiyo niandike. Nimeshindwa kupoa.

Timu yetu ya mtaa hapa Mwanza (jina naliacha, wa huku mmeshaelewa) imemtimua mwalimu. Mechi tano! Kafungwa tatu, droo moja, kashinda moja. Hakuitwa kikaoni wala hakupewa barua. Katumiwa meseji kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku, wachezaji wake wote wanasoma: "Kamati imeamua tupate damu mpya." Damu mpya, na yeye ana wiki saba tu tangu aje.

Kinachoniuma zaidi ni aliyeituma. Mwenyekiti wetu ni Manchester United wa kufa na kuzikana. Pale kibanda umiza hakuna asiyemjua, jezi imepauka hadi imekuwa ya pinki, na United ikifungwa tu anasimama kutuhubiria habari za Babu, yaani Alex Ferguson, mwalimu wao wa zamani. Makombe 38, ligi 13, miaka 26 na ushee benchi moja. "Uvumilivu, vijana! Uvumilivu!"

Basi nimkumbushe Babu alianzaje, maana naona anaikumbuka 1999 tu, mwaka wa makombe matatu. Novemba 1986 kakabidhiwa timu iko ya pili kutoka mkiani. Mechi yake ya kwanza kalala 2-0 kwa Oxford United. Septemba 1989 Manchester City wakampiga 5-1, msimu huo akamaliza wa 13, na mashabiki wakaingia uwanjani na bango la kumwambia kwaheri. Kombe la kwanza ni FA, Mei 1990, tena kwa mechi ya marudiano na Crystal Palace. Ligi yenyewe 1993. Mwenyekiti, wewe ungemtimua pale pale Oxford, basi halijawashwa.

Na miaka yote hiyo alikuwa anahangaika na watoto. Ryan Giggs alimfuata hadi nyumbani kwao siku kijana anatimiza miaka 14. Akina Beckham, Scholes, Butt na wale ndugu wawili Neville walipikwa humo humo, 1996 wakabeba ligi na FA.

Mwalimu wetu naye alikuwa anaokota watoto wa Mabatini na Igogo. Kipa wake mchana anaparua samaki Mwaloni, anafika mazoezini magamba bado yamegandia kwenye vidole, na mwalimu anamsubiri. Sasa kwa wiki saba ulitaka uone nini?

Msiniletee habari za "hata Ferguson alifukuzwa". Ndiyo, St Mirren walimtimua 1978. Akaenda zake Aberdeen, na 1983 akamfunga Real Madrid fainali ya Kombe la Washindi Ulaya. Hao St Mirren mnawajua kwa lipi lingine?

Sisemi mwalimu wetu ndiye Ferguson. Mechi ya pili alimtoa namba sita tukiwa tunaongoza, nikamwambia usoni kwamba kachemka. Ila jezi tulichanga, nauli ya Magu tulichanga, tuna haki ya kuuliza: alipewa malengo gani, na yameandikwa wapi? Nimeuliza grupuni, nikatolewa. Aliyenitoa ni mweka hazina, ambaye hesabu ya michango hatujaiona tangu Nanenane.

Jumatatu mwalimu alikuja kurudisha mali ya timu. Mipira mitatu, filimbi, vizibao vya mazoezi kumi na moja, kavifua na kuvikunja. Koni hakurudisha kwa sababu zilikuwa zake: chupa za maji za lita moja na nusu, kazikata mwenyewe na kuzijaza mchanga. Akazipanga kwenye salfeti, akafunga nyuma ya baiskeli, akaaga watoto mmoja mmoja.

Jana kaja mwalimu mpya, traksuti inang'aa. Hata salamu hajamaliza anauliza: koni ziko wapi?