Nasoma wasifu wa babu Jumamosi, niseme nini zaidi ya "alikuwa mtu wa watu"?

mjukuu_wa_tatu
Wakuu, wakubwa shikamooni. Babu yetu amefariki Jumatatu, tunamzika Jumamosi kihambani, yaani shamba la ukoo, Marangu. Baba wadogo wamenitupia kazi ya kusoma wasifu, eti mimi ndiye niliyesoma. Karatasi waliyonipa ina mistari 9: kazaliwa 1938, kabatizwa, kaoa, watoto 7, wajukuu 23, kaugua, kafariki. Mwisho: "alikuwa mtu wa watu". Sasa huyo si marehemu yeyote tu? Maneno hayohayo yalisomwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akitukimbiza na panga kisa parachichi.

Babu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, enzi kahawa ikiitwa kahawa. Mwaka 1987 nilikuwa darasa la pili, nashinda pale nikicheza na magunia. Akija bibi asiyejua kusoma, babu hasomi mizani mwenyewe. Anaita mtoto yeyote aliye karibu: "Wewe, njoo utusomee." Nasoma kwa sauti, kilo 17 na nusu, yeye kasimama mikono yote iko mgongoni. Bibi akishaitikia ndipo anaandika.

Hii inasomeka msibani, au ni hadithi ya jikoni?

maji_ya_zamu
Pole sana mkuu. Anza na hiyo mikono mgongoni. Mwaka wa kuzaliwa utaandikwa msalabani, watausoma wenyewe.

Halafu waulize waliotumia naye mfongo mmoja, ule mfereji wa maji ya shamba. Kwetu Old Moshi, kiangazi kikikaza, mtu unamjulia kwenye zamu ya maji. Kama aliwahi kumwachia mjane zamu yake ya usiku, yupo anayekumbuka mpaka leo.

shangazi_wa_wote
Pole mwanangu. Bibi yako yupo? Muulize, ila usimuulize "babu alikuwaje", atalia tu na hutapata kitu. Muulize babu aligombana na nani, na nani alimpelekea mwenzake isale, lile jani la kuombea msamaha. Halafu fupisha, mchungaji hatakupa zaidi ya dakika 5.

mbishi_wa_kijiweni
Msimfanye malaika tu. Wanakijiji watakuwepo wote, na kama kuna deni la mbege, pombe ya ndizi, wanalijua.

mjukuu_wa_tatu
Asanteni. @mbishi, deni la mbege lipo, bibi kalithibitisha 😂

Nimekaa naye jana akimenya ndizi. Kumbe kahawa ilipoporomoka bei baada ya 1989, baba mdogo alikata miche 40 bila kuuliza, apande nyanya. Babu akamtolea neno zito mbele ya mkewe. Bibi amekataa kulirudia. Miezi mitatu hawakusalimiana, na nyumba zao zinatazamana.

Asubuhi moja babu akachuma jani la isale pale mpakani, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa mwanawe. Kwa mwanawe! Mkosaji alikuwa kijana, ila babu alisema miche itaota tena, lile neno halitoki lenyewe.

Baba mdogo huyo ndiye aliyeandika ile mistari 9. Nimemsomea jana usiku. Kachukua kalamu, kafuta "miche 40", kaandika "miche 60". Kisha kaniomba Jumamosi nikifika hapo nisimtazame.