Studio za picha Bukavu: mwenye arusi hapati picha zake, mtu wa njiani anazipata zote

Ndugu zangu wa studio za Ibanda, Kadutu na Bagira, inatosha sasa. Mnalipwa dola za watu, mnawaahidi "galeri ya mtandaoni", halafu bibi arusi mwenyewe hawezi kuipata picha ya mama yake siku ya dote (mahari). Wakati huohuo mtu asiyemjua hata kwa sura anaweza kupakua picha zote mia sita bila kuulizwa kitu. Msiniambie ni koneksio, wala umeme. Ni kazi ambayo haikufanywa kwenye faragha, menyu na majina ya picha.

Nianze na faragha, maana ndiyo inayoumiza watu.

Albamu kuwa na neno la siri si kusema picha zimefungwa. Kwenye WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, neno la siri linalinda ukurasa tu. Faili la picha linakaa kwenye folda kama wp-content/uploads/2024/08, na folda hiyo haimuulizi mtu chochote. Mmetia kufuli kwenye mlango wa nyumba isiyo na ukuta. Aliyeona anwani ya DSC_0411.jpg mara moja atabadilisha namba: 0412, 0413, mpaka afike kwenye keki. Tena tangu WordPress 5.3 ya mwaka 2019, picha yenye upande unaozidi pikseli 2560 hutengenezewa nakala yenye neno "-scaled" kwenye jina, na ile kubwa hubaki palepale kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti). Mtu akifuta hilo neno kwenye anwani, anapata picha nzima kama mlivyoipakia.

Kupima hakuchukui hata dakika mbili. Ingia kwenye albamu kwa ordinateri, nakili anwani ya picha yenyewe (si ya ukurasa), kisha ibandike kwenye dirisha la faragha la kivinjari ambamo hujaingiza neno la siri. Ikifunguka, hujafunga kitu. Dawa ya kweli ni programu ya galeri inayokagua ruhusa kabla ya kutoa kila faili, au kuifunga folda yenyewe kwenye seva kwa .htaccess (faili la kuipa seva amri). Seva ikikataa yote mawili, basi kila faili lipewe mkia wa herufi kumi au zaidi zisizokisika, na orodha ya folda izimwe kwa "Options -Indexes". Huo wa mwisho ni ulinzi mdogo, lakini ni afadhali kuliko namba zinazofuatana.

Kuna wanaojitetea kwa robots.txt, faili linaloziambia roboti za Google na wenzake zisiingie wapi. Hilo ni faili la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma! Ukiandika humo folda za wateja wako, umemwonyesha mwizi pa kupita. Ukitaka ukurasa usionekane kwenye Google, weka "noindex" (amri ya kuiambia Google isiuorodheshe) kwenye ukurasa wenyewe, na usiuzuie kwenye robots.txt, kwa sababu roboti ikizuiwa kuingia haitaiona hiyo noindex, na anwani inaweza kubaki kwenye matokeo. Kuzima kitufe cha kulia cha panya nako hakumzuii mtu. Simu inapiga picha ya skrini.

Halafu WhatsApp. Linki ikitupwa kwenye kundi la familia, WhatsApp inavuta kichwa cha ukurasa na picha ya jalada na kuvionyesha chini ya ujumbe. Kundi linaweza kubeba watu 1024. Kwa hiyo hata kama albamu imefungwa, jina la maarusi na sura zao vimekwisha kuonekana. Picha ya jalada ya albamu ya siri iwe nembo ya studio, basi. Na neno la siri litumwe kwa ujumbe wa peke yake, tofauti kwa kila mteja. Kuwapa wote "arusi2024" ni sawa na kutowapa kitu.

Sasa jambo ambalo kwa mji wetu si mchezo: mahali picha ilipopigwa. Simu huandika latitudo na longitudo ndani ya faili, na kwenye uwanja wazi huweza kukosea mita chache tu. Kamera nyingi kubwa hazina GPS, lakini Nikon ikiunganishwa na simu kwa SnapBridge, programu yake ya simu, inaweza kupokea mahali kutoka kwa simu. Picha za dote hupigwa nyumbani kwa msichana. Zinaonyesha bahasha, vitenge, mbuzi, televisheni ukutani, na ndani ya faili kuna ramani ya mlango. Watu wanavunjiwa nyumba usiku hapa, na nyinyi mnawachorea njia! Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha, data hizo huondolewa. Ukiituma kama dokumenti ili ubora usipotee, zinakwenda nazo. Wanaotumia Lightroom (programu ya kuhariri picha), wakati wa kutoa picha kuna visanduku vya kuondoa mahali na kuondoa majina ya watu: vitieni alama. Wanaotumia exiftool, programu ya kubadilisha data zilizo ndani ya faili la picha:

exiftool -gps:all= -overwrite_original -r folda_ya_mtandaoni

Fanyeni hivyo kwenye nakala, si kwenye faili mama. Na msiiache hiyo -overwrite_original, maana bila hiyo programu huacha kando kila faili la zamani likiwa na mkia "_original", GPS yake ikiwa bado ndani, kisha mtu anapakia folda nzima na kazi imeharibika. Jingine: kuna programu ambazo ukikata picha ili kumtoa mtoto pembeni, kijipicha kilichofichwa ndani ya faili hubaki cha zamani, mtoto akiwa bado yupo. Kagueni.

Kwenye menyu sina mengi. "100CANON" na "DCIM" ni folda za kadi ya kamera, si majina ya kurasa. Menyu ya ndani ya menyu ya ndani ya menyu, inayofunguka kwa kupitisha panya juu yake, haina maana kwa mteja mwenye simu. Ngazi mbili zinatosha, na zifuate siku yenyewe ilivyokwenda: Dote, Serikali, Kanisa, Sherehe. Albamu za wateja zisionekane kabisa kwenye menyu ya wazi. WordPress huonyesha kichwa cha ukurasa wenye neno la siri kwa kila mtu, kwa hiyo "Arusi ya Fulani na Fulani" inasomeka hata kama haifunguki. Menyu ya wazi iwe na kazi chache ambazo wenyewe walizikubali kwa maandishi. Sheria ya dijitali ya nchi yetu (Code du numérique), ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima kuhusu data za watu binafsi. Isomeni.

Majina, sasa. Mnachanganya vitu vitatu. Jina la faili ni la mashine, kichwa ni cha kusomwa chini ya picha, maelezo ni ya kueleza nani ni nani. Jina la faili likae hivi: 2024-08-17_dote_001.jpg, na mkia ule wa herufi uingie kabla ya .jpg. Sufuri za mbele ni za lazima, bila hizo orodha nyingi zitakwenda 1, 10, 100, 2. Jina la mteja lisiwemo, kwa kuwa linasomeka kwenye anwani. Msiweke nafasi wala aksenti: "é" inageuka %C3%A9, na ordinateri ya Mac inaweza kuiandika kama "e" pamoja na alama yake pembeni, ambayo kwa seva ni jina lingine kabisa. Kwenye seva ya Linux .JPG na .jpg ni faili mbili. Kamera ikifika 9999 inaanza upya, na wapiga picha wawili wote wana DSC_0001. Folda moja, picha moja inaifuta nyingine.

Na saa! Kamera moja iko kwenye saa ya Kinshasa, nyingine kwenye saa yetu, ndiyo maana albamu inaonyesha watu wakitoka kanisani kabla ya kuingia. Iliyo nyuma, ile ya saa ya Kinshasa, isogezwe mbele saa moja kabla ya kubadilisha majina:

exiftool -overwrite_original "-AllDates+=1" folda_ya_kamera_iliyo_nyuma

Vichwa vya picha visiwe vya kupamba. "Upendo wa milele" mara mia mbili haumsaidii anayemtafuta shangazi yake. Andikeni "Familia ya bibi arusi, kupokea dote". Majina ya watu yaingie kwenye maelezo, kwenye albamu iliyofungwa peke yake.

NYONGEZA, kwa ndugu aliyeuliza kwenye maoni kuhusu mteja anayetaka picha zifutwe: kufuta ukurasa hakutoshi. WordPress huziacha picha kwenye maktaba ya media, pamoja na saizi zake zote ndogo. Futa faili kwenye maktaba, safisha kache (nakala za muda), hakikisha anwani ya picha inarudisha 404, yaani haipatikani. Kisha ndipo uombe Google iondoe kupitia Search Console, huduma yake kwa wenye tovuti. Ombi hilo huficha matokeo kwa muda wa miezi sita hivi, na faili likiwa bado lipo, linaweza kurudi.