Nani aliwaambia kwamba "take" ni "chukua" tu?

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na sitajaribu kuificha. Wiki iliyopita mama yangu alirudi kutoka zahanati moja ya binafsi akiwa na bahasha ndogo ya vidonge pamoja na kipeperushi kilichochapwa kwa rangi, ambacho kwa herufi nene kilisema: "Chukua vidonge 2 mara 3 kwa siku." Mama Kiswahili amekinyonya ziwani, hivyo alikisoma kama kilivyoandikwa. Jioni akanipigia simu kuniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka, iwapo kweli alitakiwa kupanda bodaboda mara tatu kila siku kufuata vidonge viwili viwili, na kama ndivyo, hivi alivyokwisha kupewa vilikuwa vya kazi gani. Dozi ya mchana ilikuwa imepita bila kumezwa.

Kesho yake nilikwenda kuuliza. Kijana wa dirisha la dawa alinijibu bila wasiwasi kwamba maelezo yale yametafsiriwa kutoka Kiingereza, na kwamba Kiingereza kinasema "take", yaani chukua. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba dakika chache kabla yake nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mgonjwa aliyenitangulia, "Utameza viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku." Kwa hiyo neno analijua. Analo mdomoni siku nzima, lakini kipeperushi kikishaletwa kwa Kiingereza, neno hilo linaonekana halifai kuchapwa.

Nilipofika nyumbani nikafungua daftari la binti yangu wa darasa la tano, nikakuta ugonjwa ni uleule. Kwenye orodha ya vitenzi, mbele ya "take", pameandikwa neno moja tu: chukua. Chini yake kuna sentensi ya Kiingereza inayohusu mama aliyempeleka mtoto wake hospitali, nayo imetafsiriwa "Mama alimchukua mtoto hospitali", ikapewa alama ya vema kwa wino mwekundu. Msomaji yeyote wa Kiswahili atakwambia kwamba mtoto huyo alikuwa tayari yuko hospitali, na mama alikwenda kumtoa. Safari imegeuzwa kinyume, na mwalimu ameweka vema! Kiswahili kina peleka na leta, kama Kiingereza kilivyo na "take" na "bring", na hapo ndipo somo lingepaswa kuanzia.

Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755, alilipa neno hilohilo "take" maana 134. Sasa nieleze, mwalimu: Mwingereza aliyekuwa akiieleza lugha yake kwa wenzake alihitaji maana 134, wewe umetosheka vipi na moja? (Na neno lenyewe kwa Waingereza ni la kuja. Waliliokota kwa watu wa Skandinavia waliovamia kisiwa chao, likakifukuza kitenzi chao cha asili. Neno lenye historia ya namna hiyo halikubali kufungiwa kwenye kisanduku kimoja.)

Angalieni jinsi Kiswahili kinavyoigawa kazi ya "take". Dawa tunameza au tunakunywa, picha tunapiga, basi tunapanda, mtihani tunafanya, kiapo tunakula, joto la mgonjwa tunapima, viatu tunavua, na ndege inapaa. Mgeni tunamwambia karibu kiti, kwa sababu ukimwambia achukue kiti, mgeni mwenye adabu atakibeba na kukuuliza akipeleke wapi. Asiye na haraka tunamwambia taratibu, ingawa siku hizi watangazaji wa redio wanatuhimiza "tuchukue muda wetu", kana kwamba muda huo tuliusahau mahali. Hata waliotafsiri Biblia ya Kiswahili, walipofika penye msalaba, waliandika "ajitwike", kwa sababu walijua mzigo wa namna ile unawekwa wapi.

Asije mtu hapa kunijibu kwamba nakipiga vita kitenzi cha watu. Chukua ni neno letu, tena lina utajiri wake ambao "take" haiujui. Asili yake iko karibu zaidi na kubeba, ndiyo maana tuna wachukuzi na Wizara ya Uchukuzi, na basi linachukua abiria 60. Nguo ikimkaa mtu vizuri tunasema imemchukua, na wanandoa wanaopatana wanachukuana. Kazi ya kukitia kitu mkononi zamani ilifanywa zaidi na twaa, ambayo leo imebaki kwenye ibada na kwa watangazaji wa mpira, pale timu inapotwaa kombe. Kuhusu "kuchukua hatua" na safari "kuchukua saa nane", hizo zimekwisha kuzoeleka na mimi mwenyewe nazitumia, kwa hiyo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na yule anayefuta meza, piga, panda na peleka kwa mkupuo mmoja, kisha anatuuzia kilichobaki kama tafsiri.

Nilimwandikia mwalimu ujumbe wa heshima, nikimwomba walau aongeze peleka kwenye orodha ile. Alinijibu kwamba watoto wakipewa maana nyingi watachanganyikiwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Zahanati nako niliomba neno moja tu libadilishwe, chukua iwe meza, nikaambiwa vipeperushi vimekwisha kuchapwa vingi na lazima viishe kwanza. Juu ya bahasha ya mama nimeandika kwa kalamu: "Meza 2 asubuhi, 2 mchana, 2 usiku." Jana nimepita tena pale, rundo la vipeperushi lipo dirishani, na bibi mmoja alikuwa amesimama pembeni akikisoma cha kwake kwa mara ya pili.