Gereji za Arusha, mnauzaje giaboksi ya gari la umeme bila hata kushika draivushafti?

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Gari langu la umeme, mtumba wa Japani, lilianza kugonga "tok!" kila likiondoka, na "tok!" nyingine ukiachia eksileta. Nikalipeleka gereji moja hapa mjini inayojinadi kuwa bingwa wa magari ya kisasa. Wakachomeka mashine yao, wakaikodolea macho skrini, halafu: "Dada, giaboksi imekwisha, na mota nayo si nzima. Jiandae na milioni nne na kitu." Jeki haikutoka. Tairi halikuguswa. Hakuna aliyelala chini ya gari! Oili ya giaboksi hawakuimwaga hata kidogo waone kama ina chembe za chuma. Na hela ya kupima wakachukua.

Mashine inasoma volti, joto na sensa. Chuma kinachocheza hakina waya wa kwenda kwenye kompyuta. Sasa giaboksi "iliyokwisha" waliiona wapi?

Gari la petroli la gia za mkono lina klachi yenye springi, na la otomatiki lina tokonveta, kiungo kati ya injini na giaboksi kinachozunguka kwenye oili, kwa hiyo mshtuko unamezwa njiani. La umeme halina hata kimoja. Mota imeshikana na giaboksi ya gia moja na nguvu yake inakuja yote tangu gari limesimama. Ukiachia eksileta, mota hiyohiyo inageuka jenereta na kuvuta kinyume. Teremka kutoka Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, hadi Moshi iliyo chini ya 900, uhesabu mvuto wa mota umegeuka mara ngapi. Kila ukigeuka, nafasi iliyopo kwenye jointi, splaini (mifereji inayoshikanisha shafti na kinachozungushwa) na meno ya gia inafungwa upande mmoja na kufunguka upande wa pili. Nafasi ndogo ni lazima iwepo, gia zikibana kabisa zitakwama. Kazi ya fundi ni kutafuta iliyozidi iko WAPI.

Na hapa ndipo watu wanapigwa. Gari likiwa kwenye P, kuna kidole cha chuma kinachoingia kwenye meno ndani ya giaboksi, nacho kina nafasi yake. Ukitikisa tairi hapo litacheza sana, fundi anakuambia "si unaona?", nawe unakwenda kukopa. Mwambie aweke nyutro, aweke kigingi matairi ya nyuma, ainue tairi moja tu la mbele na lile lingine libaki limekanyaga chini. Tairi litikiswe taratibu. Litakwenda bure kidogo, kisha mkono utakutana na uzito wa mota. Giaboksi ya Nissan Leaf, kwa mfano, inapunguza mzunguko karibu mara 8, ndiyo maana mota inahisiwa nzito hivyo ukiisukuma kutoka tairini.

Mtu wa pili ashike draivushafti, ile shafti inayotoa mzunguko giaboksi kwenda tairini. Tairi likicheza na shafti imetulia, angalia jointi ya nje, splaini za habu na nati yake. Shafti ikicheza na kikombe cha ndani, kile kinachoingia giaboksi, kimetulia, ni jointi ya ndani. Kikombe chenyewe kikicheza kupita kiasi, HAPO ndipo tuanze kuzungumza habari za giaboksi.

Bado mauntingi, yaani mipira inayoshikilia mota kwenye bodi. Breki ikanyagwe kweli, gari litolewe D liende R, na mtu asimame PEMBENI, si mbele, arekodi kwa simu. Mota ikiruka, mpira umechanika. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa, Leaf ina betri ya volti kama 360, na hizo zinaua.

Haya yote nilifanyiwa na kijana mmoja wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha ambaye kazi yake ni Coaster. Gari la umeme hajawahi kulifungua, lakini alilala chini akashika kwa mikono. Mauntingi ya nyuma imepasuka mpira, jointi ya ndani ya kulia inacheza. Giaboksi nzima, oili safi. Kwa barabara ninazopita kila siku huku Moshono, mpira kupasuka si ajabu.

Nikawapigia wale mabingwa. Jibu: "Dada, magari ya umeme yanahitaji utaalamu." Utaalamu gani usiochuchumaa? Nataka hela yangu ya kupima irudi, na kesho naenda pale na video.

Mliowahi kuambiwa mbadilishe giaboksi kwa sababu ya mlio huu, semeni hapa mliangaliwa nini kabla ya kutajiwa bei. Na mwenye duka la spea Arusha au Moshi lenye mauntingi mpya aweke picha na bei. Yuzidi sitaki, mpira uliozeekea Japani umeshakauka.